Mdundo Thabiti kwenye Zumari ya Mfuko: Mwongozo Kamili kwa Anayejifunza

Zumari ya mfuko ya Uskoti haijui sauti ndogo wala kubwa. Ukishaujaza mfuko hewa na kuubana kwa mkono, chanta, yaani bomba lenye matundu ya vidole, inalia kwa nguvu ileile kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, na nyuma yake mabomba matatu ya mvumo, moja refu la besi na mawili mafupi, yanavuma bila kukatika. Mpiga gitaa akitaka pigo lisikike anaukwaruza uzi kwa nguvu. Mpiga tarumbeta anaikata sauti kwa ulimi. Wewe huna hata kimoja kati ya hivyo. Mwanzi unaotoa sauti umefichwa ndani ya chanta, ulimi wako haufiki huko, na kati ya noti na noti hakuna pa kunyamaza.

Ndiyo maana mtu anaweza kupiga noti zote za wimbo bila kukosea hata moja, na bado anayemsikiliza asijue apige makofi wapi. Kwenye chombo hiki mdundo unatoka sehemu mbili tu: urefu wa kila noti, na wakati hasa kidole kinaponyanyuka. Hatua zinazofuata zinamlenga mtu anayeweza tayari kupanda na kushuka ngazi ya noti kwenye chanta ya mazoezi, ile inayopulizwa bila mfuko, na anayejua nyimbo mbili tatu nyepesi. Kama bado hujafika hapo, hatua ya pili peke yake itakusaidia, kwa sababu haihitaji chombo chochote.

Hatua ya 1: Elewa kipambo kinafanya kazi gani

Chanta ina noti 9: G ya chini, A ya chini, B, C, D, E, F, G ya juu na A ya juu. Tuseme wimbo unataka A ya chini mara mbili mfululizo. Kwenye filimbi ungepuliza mara mbili. Hapa, vidole visipotikisika, unapata A moja ndefu. Kinachozitenganisha ni kipambo: kidole cha shahada cha mkono wa juu kinanyanyuka na kurudi mara moja, G ya juu inachomoza na kupotea, na sikio linasikia noti mbili. Hicho ni kipambo cha G. Cha D hupigwa na kidole cha shahada cha mkono wa chini, na cha E hupigwa na kidole cha pete cha mkono wa juu.

Wanaoanza huvichukulia vipambo kama urembo wa kuongezwa wimbo ukishakolea. Ni kosa kubwa. Kipambo ndicho kinachofanya kazi ya ngoma. Pigo la wimbo linaanza pale kipambo kinapolia. Mguu unagusa sakafu wakati uleule kidole kinapoachia tundu.

Jaribu hili polepole ulione kwa vidole vyako mwenyewe. Shika A ya chini: matundu yote yamezibwa isipokuwa la kidole kidogo cha mkono wa chini. Sasa nenda C kwa kipambo cha G. Mambo matatu yanatakiwa kutokea kwa pamoja: kidole kidogo kishuke, cha kati na cha pete vya mkono wa chini vinyanyuke, na cha shahada cha juu kipige kipambo. Kidole kidogo kikitangulia wenzake, G ya chini inachungulia kabla ya C. Kipambo kikichelewa, C inaanza, inakatwa, kisha inaanza tena, na msikilizaji anasikia mapigo mawili palipostahili moja. Kikiwahi, kinalia juu ya A badala ya C, na pigo linakuwa limeshapita kabla ya noti yenyewe kufika.

Kutoka D kwenda E ni kubaya zaidi, kwa sababu mikono yote miwili inahusika. Vidole vya chini vinaziba huku kidole cha pete cha juu kinafungua, na vya chini vikiwahi kidogo tu, inapenya noti ya chini isiyoandikwa popote. Wengi huhesabu kelele hizi kama kasoro ya usafi wa vidole. Mimi nazihesabu kama kasoro ya mdundo kwanza: kila noti haramu inayopenya ni pigo la bandia, na sikio la msikilizaji linalihesabu.

Kwenye vipambo vya mafungu, yaani vipambo kadhaa vinavyofuatana haraka, kwa mfano dabilingi, utaratibu wa kawaida ni kwamba kipambo cha kwanza ndicho kinachokaa juu ya pigo. Kwa vizito zaidi kama gripu, taorluath na kile cha kurushia D, walimu wanatofautiana kuhusu pigo likae mwanzoni mwa mwendo wa vidole au mwishoni. Usipoteze usingizi juu ya hilo. Chagua njia ya mwalimu wako au ya kiongozi wa bendi yako, uishike siku zote, maana kubadilisha kila mara ndiko kunakovuruga.

Hatua ya 2: Mguu na mdomo kabla ya vidole

Weka chanta mezani. Chukua sehemu ya kwanza ya wimbo unaoujua, ambayo kwa kawaida itakuwa na vipimo 8 (kipimo ni fungu moja la mapigo), na uiimbe kwa sauti huku mguu ukipiga sakafu. Usihangaike na uzuri wa sauti. Unachotafuta ni kama unajua kila noti inaishi kwa muda gani. Usipoweza kuimba, hata vidole vyako havijui. Vinabahatisha tu, na kwa kuwa chombo hakinyamazi, kubahatisha kwao kunafunikwa na mvumo.

Waskoti wenyewe walifundishana hivi. Muziki mkuu wa zumari, unaoitwa piobaireachd, ulirithishwa kwa mdomo kwa vizazi vingi kupitia canntaireachd, yaani silabi za kuimbwa ambazo kila moja inabeba noti pamoja na vipambo vyake. Familia ya MacCrimmon ya kisiwa cha Skye, waliokuwa wapiga zumari wa ukoo wa MacLeod, ndiyo inayotajwa zaidi katika historia hiyo. Hati ya Colin Campbell ya mwaka 1797 imezihifadhi nyimbo nyingi za aina hiyo kwa silabi tupu, bila noti hata moja. Mwanafunzi aliimba kwanza mpaka wimbo ukakaa kinywani, ndipo akapewa chanta.

Si lazima ujifunze silabi zao. Jitengenezee zako. Kwa noti ndefu yenye nukta inayofuatwa na fupi, tumia «daaa-ti». Ndani ya pigo moja hesabu vipande vinne: «daaa» inachukua vitatu, «ti» kinabaki kimoja. Mpangilio ukigeuka, fupi ikatangulia, unakuwa «ti-daaa», na hapo ni «ti» inayokaa juu ya pigo, si «daaa». Hili la mwisho linawatatiza wengi, kwa kuwa mwili unataka kuweka uzito kwenye noti ndefu.

Ukishaimba bila kusitasita, ongeza makofi. Mguu upige mapigo makuu, mikono ipige nusu zake, mdomo uimbe. Siku za mwanzo kimoja kitamfuata mwenzake na kuharibu kazi yote. Punguza kasi. Ukifika mahali unaweza kuacha kuimba kwa vipimo viwili, mguu na mikono vikaendelea, kisha ukaingia tena pale pale wimbo ulipopaswa kuwa, basi wimbo umekwisha kuingia mwilini.

Neno moja kuhusu mguu. Wapo wanaopiga mguu kwa kuufuata wimbo badala ya wimbo kuufuata mguu. Utawajua: wakifika kwenye kipambo kigumu, mguu unabaki hewani ukisubiri vidole vimalize. Mguu wa namna hiyo haufai kitu. Mguu ukiwa umeanza kushuka unashuka, na vidole visipokuwa tayari, basi vimekosea na vilipe.

Hatua ya 3: Metronomu, lakini kwa mpangilio

Washa metronomu, kifaa kinachotoa mlio kwa kila pigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika na ushike chanta ya mazoezi. Kaa kwenye A ya chini. Kwa kila mlio piga kipambo kimoja cha G. Sikiliza: kipambo kikikaa sawasawa juu ya mlio, mlio wenyewe unafifia, kana kwamba metronomu imezimwa. Ukiusikia wazi kila mara, uko kabla yake au baada yake.

Baada ya dakika moja piga vipambo viwili kwa kila mlio, kisha vitatu, kisha vinne, halafu rudi chini vitatu, viwili, kimoja. Hapa ndipo ukweli unapojitokeza. Kutoka viwili kwenda vinne karibu kila mtu anaweza. Vitatu ndivyo vinavyovunja watu, na kurudi kutoka vinne hadi vitatu ni kugumu kuliko kupanda, kwa sababu vidole vimeshaonja mbio. Rudia zoezi kwa kipambo cha D kwenye A ya chini, kisha cha E. Halafu zungusha G, D, E mfululizo kwenye noti moja, vitatu kwa mlio. Kwa wengi kipambo cha E ndicho kinachochelewa, kwa kuwa kidole cha pete ni kivivu kwa maumbile. Mpe muda wake peke yake.

Baadaye panda ngazi yote ya noti 9 kwa kipambo cha G kila noti inayokipokea. G ya juu na A ya juu hazikipokei, kwa hiyo huko juu unabadilisha vidole bila kipambo, na hapo ndipo wengi huharakisha bila kujua.

Sasa jambo ambalo wenye metronomu hulisahau: kifaa kikikupa kila pigo, unajifunza kufuata, hujifunzi kushika. Kwa hiyo kinyang'anye kazi kidogo kidogo. Wimbo ukikaa vizuri na mlio kwa kila pigo, kata mwendo wa metronomu nusu ili ilie mara moja kwa kila mapigo mawili. Kisha ipe pigo la kwanza la kipimo tu. Ukiweza hilo, ihamishe: jifanye mlio ndio «na» katika «moja na mbili na», yaani metronomu inalia katikati ya mapigo yako na mguu unashuka kwenye ukimya. Zoezi hili linachosha na linaudhi. Dakika tano zinatosha kwa siku, na dakika hizo tano zina faida kuliko nusu saa ya kufuata mlio.

Kuhusu kupandisha kasi: usipande mpaka upige sehemu nzima mara tatu mfululizo bila kujikwaa. Ukipanda, panda mapigo mawili au matatu tu. Anayeruka kutoka 60 hadi 80 kwa siku moja huwa anafundisha vidole kuruka noti.

Hatua ya 4: Uvue wimbo nguo, kisha uuvishe

Chukua wimbo wa gwaride wa 2/4, yaani wenye mapigo mawili kwa kila kipimo, na ushughulike na sehemu ya kwanza peke yake.

Kwanza upige bila kipambo chochote, isipokuwa kile kinachotenganisha noti mbili zinazofanana. Utasikika mtupu na wa kuchekesha, na makosa yote ya urefu wa noti yatajitokeza. Noti ndefu ambayo ulikuwa unaikata ili uwahi kipambo kinachofuata sasa haina kisingizio. Upige hivyo na metronomu mpaka uweze kusema kwa uhakika kila noti inaanza wapi na inaishia wapi.

Pili, rudisha vipambo vya kimoja kimoja, G, D na E, hasa vile vinavyokaa juu ya mapigo makuu. Wimbo utaanza kutembea wenyewe. Wengi hushangaa hapa, kwa sababu mara nyingi unapendeza kuliko ulivyokuwa na mapambo yote.

Tatu, rudisha vizito, kimoja kwa siku. Kila kipambo kizito kinachukua muda, na muda huo hautoki mbinguni. Kinakula sehemu ya noti jirani. Usipokichagulia wewe noti ya kula, kitakula chochote kilicho karibu, na leo kitakula hiki, kesho kile. Mfano mzuri ni birli, ile ya kidole kidogo kupiga A na G za chini kwa haraka mwishoni mwa msemo, yaani sentensi moja ya wimbo. Piga A ya chini nne na metronomu, zikitenganishwa na kipambo cha G. Zikikaa sawa, weka birli mahali pa ya tatu. Ya nne inatakiwa kuanguka palepale ilipoanguka mwanzo. Ikiwahi, umeibana birli ukaitupa. Ikichelewa, birli yako bado ni nzito kwa kasi hiyo, basi shusha kasi ya wimbo wote. Usishushe kasi kwenye birli tu halafu ukimbie kufidia. Mtindo huo ukishakaa kwenye vidole, kuuondoa ni kazi ya miezi.

Fanya jaribio hilohilo kwa taorluath, gripu na dabilingi zote: weka noti tupu kwanza, kisha badilisha moja kwa kipambo, na usikilize kama inayofuata imesogea.

Hatua ya 5: Kila aina ya wimbo na mwendo wake

Gwaride la 2/4 lina mapigo mawili kwa kipimo, la kwanza zito, la pili jepesi. Nyimbo za mashindano za aina hii hupigwa kati ya 60 na 75 hivi kwa dakika, polepole kuliko wanaoanza wanavyodhani. Za kutembea barabarani huenda kasi zaidi. Polepole huko ndiko kunakoleta shida, kwa sababu kati ya pigo na pigo kuna nafasi kubwa, na mtu asiyehesabu vipande vya ndani anaanguka ndani yake. Noti zenye nukta shikilia vizuri. Wapigaji wazuri huzivuta hata kidogo zaidi ya zilivyoandikwa na kuzikata zile fupi zaidi, lakini pigo lenyewe halisogei hata kidogo.

Gwaride la 6/8 nalo lina mapigo mawili, ila kila pigo limegawanyika mara tatu. Umbo linalojirudia sana ni ndefu yenye nukta, fupi, kisha ya kawaida: «daa-ti-da». Ukigawa pigo vipande sita, mgawo wake ni tatu, kimoja, viwili. Kosa la kila siku ni kuibana ile noti ya tatu mpaka wimbo ugeuke kuwa 2/4 bila mtu kutangaza. Dawa ni kuimba «daa-ti-DA» ukiipa ya tatu uzito wa makusudi kwa siku chache, kisha kuuondoa uzito huku urefu ukibaki.

Za 3/4 ni tulivu na wengi huziona rahisi, mpaka watembee nazo. Ukianza na mguu wa kushoto, kipimo cha pili kinaanza na mguu wa kulia, cha tatu na wa kushoto tena. Aliyezoea kuwa pigo zito ni la mguu wa kushoto siku zote anapotea njia kabla ya msemo wa kwanza kwisha. Tembea chumbani ukihesabu «moja mbili tatu» bila chombo mpaka miguu yote miwili ikubali kubeba «moja».

Sasa strathspey, ambayo ningeipa muda kuliko zote. Ina mapigo manne kwa kipimo: zito, jepesi, la wastani, jepesi. Inapigwa karibu 110 hadi 125 kwa dakika, na ndani yake «daaa-ti» na «ti-daaa» zinapishana bila onyo. Mtu akiyapa mapigo yote manne uzito sawa, inasikika kama mashine ya kushona. Akilipa la kwanza tu, inachechemea. Namna bora ya kuielewa ni kuwatazama wacheza ngoma za Nyanda za Juu za Uskoti: ile iitwayo Highland Fling huchezwa kwa strathspey, na ukitazama miguu yao utaona mruko wa juu na mruko wa chini vikiandika mapigo hayo hewani. Jaribu kurukaruka nayo mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Ngoma ya panga nayo, Gille Chaluim, huanza kwa mwendo wa strathspey na kumalizia kwa kasi ya rili, wimbo wa ngoma wa mwendo wa haraka, kwa hiyo utaona jinsi mwendo mmoja unavyozaa mwingine.

Rili ina mapigo mawili makubwa kwa kipimo. Ukipiga mguu mara nne, utaikatakata vipande na itakuwa nzito kama mzigo. Piga mguu mara mbili, acha noti zizunguke ndani. Kwenye mashindano gwaride, strathspey na rili hupigwa kwa mfululizo mmoja bila kusimama, na mahali pa hatari ni maungio: noti ya mwisho ya strathspey na pigo la kwanza la rili. Fanya mazoezi ya vipimo viwili vya mwisho na viwili vya mwanzo peke yake, mara nyingi, kuliko kurudia wimbo mzima.

Jigi haihitaji maneno mengi. Ni tatu tatu kwa kila pigo, za mviringo au zenye nukta kulingana na wimbo, na adui yake ni msisimko.

Piobaireachd ina sheria zake. Pale msemo unapumua kwa hiari ya mpigaji, na metronomu haina kazi isipokuwa kwenye mazoezi ya vidole vya taorluath na crunluath, vipambo vyake vizito. Usiingie huko ukidhani uhuru huo utaficha mdundo dhaifu. Anayeweza kuvuta muda kwa ufundi ni yule anayejua ulipaswa kuwa wapi.

Hatua ya 6: Kuhamia kwenye mfuko

Hapa watu hukata tamaa. Mdundo uliokuwa safi kwenye chanta ya mazoezi unaparaganyika mara mfuko unapoingia kwapani. Sababu zake zinajulikana.

Ya kwanza ni pumzi. Mwili unapenda kupuliza na kubana kwa kufuata wimbo: pigo zito, msukumo mzito. Matokeo yake sauti inapanda na kushuka pamoja na mapigo, na mabomba ya mvumo yanayumba. Pumzi inatakiwa kufuata mahitaji ya mfuko tu, wala isijue kuna wimbo. Shika E moja kwa dakika nzima, mguu ukipiga 60, na utazame sindano ya kifaa cha kulinganisha sauti. Kila sindano inapotikisika pamoja na mguu, umekamatwa. Wenye bomba la maji la kupimia shinikizo wanaweza kulitumia vilevile. Maji yasiyotulia yanasema kilekile. Ukiweza kwa kusimama, tembea huku umeshika noti ileile, kisha ongeza wimbo mwepesi.

Ya pili ni mwanzi mgumu. Mtu anayepigana na mwanzi unaozidi nguvu zake ataharakisha ili amalize kabla hajaishiwa pumzi, na hakuna zoezi litakalomponya. Weka mwanzi laini kwanza. Ya tatu ni vidole vilivyobana chanta kwa hofu. Vidole vinavyobana havinyanyuki kwa wakati. Gusa matundu kwa uzito unaotosha kuyaziba, usizidishe.

Halafu kuna suala la masikio. Zumari hii hutoa sauti inayozidi desibeli 100 karibu na mpigaji, kwa hiyo metronomu ya mezani haisikiki, na kuongeza sauti ya spika si suluhisho. Tumia metronomu yenye taa inayomulika, au vaa vipaza sauti vidogo vya masikioni na juu yake vizuia kelele, mlio ukiwa chini. Vizuia kelele vaa hata usipotumia metronomu. Masikio yakishaharibika, hakuna mdundo wa kufundisha.

Hatua ya 7: Jirekodi, kisha jihukumu

Simu yako inatosha, mradi uiweke mbali upande wa pili wa chumba. Rekodi sehemu moja tu, kisha isikilize huku unagonga meza kwa kidole kuufuata wimbo. Kila mahali kidole kinapolazimika kusubiri au kukimbia, weka alama kwa penseli kwenye karatasi ya noti. Usijitetee. Alama zikishakaa, utaona zinajipanga, na mara nyingi hazipo pale ulipodhani.

Watu hutarajia kuchelewa kwenye vipambo vigumu, na kweli wapo. Ila zaidi utajikuta unaharakisha kwenye sehemu rahisi, zile ngazi za noti nyepesi ambazo vidole vinazipenda, na kwenye noti ndefu za mwisho wa msemo ambazo kila mtu huzikata nusu ili awahi marudio. Kipimo cha 4 na cha 8 ndivyo vya kwanza kuchunguza.

Kwa ratiba, nusu saa ya chanta ya mazoezi inaweza kwenda hivi: dakika tano za kuimba na mguu, kumi za vipambo na metronomu, kumi na mbili za sehemu moja ya wimbo, na zilizobaki kurekodi. Ukiwa na muda mchache, punguza wimbo, usipunguze kuimba.

Hatua ya 8: Kupiga na wenzako

Kwenye bendi, mdundo wako si wako tena. Bendi za zumari husimama kwa mduara, na sauti hutembea karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwenzako aliye mita 10 kutoka kwako anakufikia akiwa amechelewa kiasi cha sehemu 3 za mia za sekunde. Kidogo hivyo kinatosha kuutia ukungu wimbo mzima ikiwa kila mtu anafuata sikio. Mtazame kiongozi wa zumari: mguu wake, na vidole vyake kwenye noti ndefu. Jicho halicheleweshwi na umbali. Masikio yaache kwa ajili ya ngoma ya besi, iliyo karibu na moyo wa mdundo.

Mwanzo wa wimbo ndio unaotoa picha ya kwanza. Ngoma hutoa miviringo miwili ya hatua tatu, yaani mapigo ya haraka yanayoungana kwa muda wa hatua tatu, mifuko inabanwa, E inatoka, kisha wimbo unaingia. Wengi hupata wasiwasi wa mfuko na kusahau kuhesabu, wanaingia kwa kusikia wengine wameingia. Fanyia mazoezi mwanzo huo peke yake na mtu mmoja wa ngoma ya snea, mara kwa mara, mkikomea kipimo cha pili. Kwenye mashindano makubwa kama ya dunia yanayofanyika Glasgow, kuna mwamuzi anayesikiliza zumari na ngoma kama kitu kimoja, na dosari ya mwanzo haimpiti.

Mkiona zumari na ngoma vinagombana katikati ya wimbo, msilaumiane kwanza. Simamisheni wote, anzeni na ngoma ya besi peke yake kwa kasi iliyopungua mapigo kumi, zumari zikae kimya huku wapigaji wakiimba wimbo kwa mdomo. Kisha chanta za mazoezi ziingie, kisha snea, na mfuko uje mwisho kabisa. Mahali kundi linapotikisika wakati wa kuongeza kimojawapo, hapo ndipo tatizo lilipo, na ndipo pa kurudia kabla ya kuendelea.